Kodi ya Nyumba na Sala Tatu kwa Siku

Kodi ya nyumba huko Fuggerei, mtaa wenye malango yake mjini Augsburg, kusini mwa Ujerumani, ni senti 88 za euro. Si kwa mwezi, kwa mwaka. Ndiyo thamani ya guldeni moja iliyopangwa mwaka 1521, na tangu hapo haijapandishwa. Umeme na joto la nyumba mpangaji anajilipia. Lakini lipo sharti jingine: kila siku asali Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki kwa ajili ya mwenye nyumba na ukoo wake. Mwenye nyumba alifariki Desemba 1525.

Anaitwa Jakob Fugger, mfanyabiashara aliyebandikwa jina la Tajiri, na kwa haki kabisa. Hati ya wakfu ya Agosti 23, 1521 aliitoa kwa jina lake na la kaka zake wawili, Ulrich na Georg, ambao wakati huo walikwisha kuwa marehemu. Nyumba zilikuwa za Wakatoliki wa Augsburg waliopungukiwa, mafundi na vibarua wenye sifa njema. Zilikuwa vilevile sadaka kwa ajili ya roho za ndugu watatu, wawili kaburini na mmoja aliyejua kwamba zamu yake haiko mbali.

Kwa Mkristo wa Ulaya wa zama hizo, kutenda mema na kuwaombea wafu lilikuwa jambo moja. Aliyekufa katika neema lakini akiwa bado na deni la dhambi alipita toharani, na walio hai waliweza kumsaidia kwa misa, sala na sadaka. Sala ya maskini ilihesabiwa kuwa na uzito wa pekee. Kwa hiyo tajiri alimhitaji maskini karibu sawa na maskini alivyomhitaji tajiri. Huko Beaune, Ufaransa, mwaka 1443 Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins, walianzisha hospitali ya maskini iliyohudumia wagonjwa hadi mwaka 1971. Inasimuliwa kwamba Mfalme Louis XI alisema ilimpasa Rolin kuwajengea maskini, maana ni yeye aliyewafukarisha wengi.

Desturi yenyewe ni ya kale zaidi. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na kisichokuwamo katika ile ya Waprotestanti wengi, kinasimulia Yuda Makabayo akichangisha fedha za sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa. Mwaka 387, Monika, mama yake Mtakatifu Agostino, akiwa mahututi huko Ostia, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke altareni. Yapata mwaka 998, Abate Odilo wa Cluny aliwaagiza watawa wake waitenge Novemba 2 kuwaombea marehemu wote. Ni tarehe hiyohiyo ambayo Wakatoliki wa Songea au Kisumu huwaombea wafu wao kila mwaka.

Fedha za Fugger zilitoka hasa kwenye migodi ya shaba na fedha, na kwenye mikopo kwa wafalme. Hazikutoka huko tu. Mwaka 1505 kampuni ya ndugu hao iliweka mtaji, mdogo ukilinganisha na ule wa ukoo wa Welser wa mji huohuo, katika merikebu za Wareno zilizoongozwa na Francisco de Almeida. Julai waliishambulia Kilwa. Agosti wakaipora Mombasa na kuichoma. Balthasar Springer, wakala wa Welser aliyekuwamo safarini, alirudi akachapisha kitabu. Mswahili akisimama mbele ya nyumba zile za maskini ana haki ya kuuliza zaidi ya mtalii wa kawaida.

Kisha likaja suala la rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi lililotolewa na Kanisa. Mwaka 1514 Albrecht wa Brandenburg alitaka uaskofu mkuu wa Mainz ilhali tayari alikuwa na wa Magdeburg. Ada ya Roma ilikuwa kubwa, akakopa kwa Fugger. Papa Leo X akaruhusu rehema zihubiriwe katika majimbo ya Albrecht: nusu ya makusanyo iende kujenga Basilika la Mtakatifu Petro, nusu ilipe deni. Mhubiri Johann Tetzel aliwaambia watu kwamba hata jamaa zao walioko toharani wangefaidika, na mawakala wa Fugger walikuwa karibu na sanduku la makusanyo. Martin Luther, katika hoja zake 95 za Oktoba 31, 1517, alisema wazi kwamba kumpa maskini kunapita kununua rehema. Fugger, kwa namna yake, alikuwa akifanya yote mawili.

Kwa sababu ya hoja hizo, Oktoba 1518 Luther aliitwa Augsburg kuhojiwa na Kardinali Kajetani, ndani ya nyumba ya Fugger. Alilala kwa watawa Wakarmeli wa Mtakatifu Anna, penye kikanisa ambacho akina Fugger walikuwa wamekijenga kwa maziko yao, na mwishowe akaondoka mjini kwa siri usiku. Jakob alizikwa katika kikanisa hicho. Baadaye kanisa lote likawa la Kilutheri, hivyo mtu aliyenunua sala za milele amelala chini ya paa la watu waliozikataa misa za wafu. Walizikataa misa, si kila sala: Philipp Melanchthon, aliyeandika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, alieleza katika utetezi wake kwamba Walutheri hawamkatazi mtu kuwaombea marehemu. Hilo husahauliwa na pande zote mbili wanapobishana.

Mtaa wa Fuggerei uliendelea. Vipini vya kengele milangoni vilitengenezwa kwa maumbo tofauti, ili mpangaji aupapase mlango wake gizani bila kukosea. Anayerudi baada ya saa nne usiku hukuta lango limefungwa na humlipa mlinzi ada ndogo. Baba wa babu yake mwanamuziki Mozart, fundi mwashi Franz, alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1694. Usiku wa Februari 25, 1944, mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya mtaa. Siku chache tu baadaye, vita ikiendelea, ukoo wa Fugger uliamua kuujenga upya. Leo mapato makubwa ya wakfu hutoka kwenye misitu.

Oktoba 31, 1999, katika kanisa la Mtakatifu Anna, Wakatoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake na ambalo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliliongoza kuanzia 1977 hadi 1984, walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Walikubaliana kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema ni matunda ya kuhesabiwa haki huko. Suala la toharani halikumalizwa hapo. Karibu wiki nane baadaye, Desemba 24, Papa Yohane Paulo II alifungua Mlango Mtakatifu na kuanza Yubilei yenye rehema kamili, ambayo hujaji aliruhusiwa kuitolea roho ya marehemu.