Haki ya Mtunzi Asiyepatikana

Ukiokota kisu njiani, msomaji, hukifanyi kuwa chako kwa sababu tu mwenyewe haonekani. Utauliza walio karibu, utakiweka mahali pa salama, na siku mwenyewe atakapotokea utamrudishia. Hadithi nayo ni mali. Lakini mtu aliyetunga hadithi akaieneza kwa intaneti chini ya jina la kupanga, kisha akatoweka, atatafutwa wapi? Na anayetaka kuihifadhi hadithi hiyo isipotee, ataomba ruhusa kwa nani? Swali hili laonekana jipya, walakini mizizi yake ni ya zamani. Ukiifuata utaona ajabu: mtunzi asiyepatikana amezaliwa na sheria zile zile zilizokusudiwa kumlinda.

Zamani katika Uingereza, haki ya kupiga chapa vitabu ilikuwa mikononi mwa chama cha wapiga chapa na wauza vitabu wa London. Mtunzi akisha kuuza mswada wake hakuwa na neno tena. Mwaka 1710, katika enzi ya Malkia Anne, sheria ilimpa mtunzi haki ya kazi yake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine iwapo angali hai. Aliyetaka ulinzi kamili wa sheria hiyo alipaswa kuandikisha kitabu katika daftari la chama. Basi aliyetaka kujua kitabu ni cha nani alifunua daftari akaona.

Daftari lilikuwa na faida, lakini lilikuwa na dhuluma pia. Mtunzi maskini, au aliyekaa mbali, au asiyejua desturi za mji mkuu, aliweza kukosa haki yake kwa kukosa kuandikishwa. Mwaka 1886 mataifa kadha yalipatana mjini Bern, Uswisi, kulinda kazi za watunzi wa nchi zao wote. Mapatano hayo yalipotengenezwa upya mjini Berlin mwaka 1908, ilikatwa kwamba haki isitegemee kuandikishwa. Kenya iliingia katika mapatano hayo mwaka 1993, na kwa sheria yake ya mwaka 2001, hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mtunzi. Fanya hesabu: kijana akitunga hadithi akiwa na umri wa miaka 20, akafa akiwa na miaka 80, hadithi yake italindwa kwa miaka 110 hivi. Muda umerefuka, na daftari la lazima halipo. Hapo ndipo njia ya kumfikia mwenyewe ilipopotea.

Hatari ya kwanza ni kupotea kwa kazi yenyewe. Huko Marekani palikuwa na GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, ambako watu wa kawaida waliweza kuandika watakayo bila malipo. Ilipofungwa nchini humo mwezi wa Oktoba 2009, watu wa kujitolea walinakili kwa haraka kadiri walivyoweza. Waandishi wengi hawakuulizwa, kwani hawakuweza kufikiwa tena. Lau wangengojwa wajibu, maandishi yao yangaliteketea.

Hatari ya pili ni kukifanya kimya kuwa ruhusa. Kampuni ya Google ilinakili vitabu vya maktaba kwa mamilioni, ikashtakiwa na waandishi mwaka 2005. Pande mbili zilifanya mapatano, na ndani yake mwandishi asiyekataa angehesabiwa kuwa amekubali. Mwaka 2011 Jaji Denny Chin wa New York aliyakataa mapatano hayo, akaona kuwa jambo la kazi zisizo na mwenyewe laifaa Bunge kuliko watu wenye faida yao.

Kati ya hatari hizi mbili, wengine wamekata njia. Katika Kanada, aliyemtafuta mwenye haki bila kumpata aweza kuomba kibali kwa baraza la serikali. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2012, uliruhusu maktaba kuonyesha vitabu na magazeti ya namna hiyo baada ya kutafuta kwa bidii na kuandika jinsi zilivyotafuta. Mwenyewe akitokea, haki yake humrudia naye hulipwa fidia.

Angalia basi, msomaji, tofauti ya kuhifadhi na kutangaza. Kuokoa nakala isiungue ni kazi ya mlinzi. Kuitoa kwa watu wote, au kuiuza, ni kazi ya mwenyewe. Mlinzi mwaminifu hutafuta kwanza, huandika alivyotafuta, hutaja jina lile lile alilolitumia mtunzi, wala halifichui alilolificha. Maana si kila aliyetoweka amepotea. Yuko aliyetunga katika utoto na sasa anaona haya. Yuko aliyejificha kwa kuhofia usalama wake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu: hatujui kimya cha mtu kimebeba nini.

Huenda nawe leo umeandika hadithi na kuieneza kwa jina ambalo hata jirani yako halijui. Miaka 40 ijayo mtu ataiona. Mtendee mtunzi wa leo kama utakavyopenda mtu huyo akutendee wewe.