Kiwele Kisichovimba: Mastaitisi kwa Kiswahili

Munje ni kijiji cha bahari. Ukiuliza kazi ya watu wa huko, jirani na Msambweni, utatajiwa kwanza madau, nyavu na minazi. Ng'ombe hutajwa baadaye, na mara nyingi ni zebu mwenye nundu, anayejitafutia malisho chini ya mikorosho na kutoa lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya. Ng'ombe wa gredi, yule wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani, alitiwa nguvu Kwale na Kilifi baada ya 1980, serikali ya Kenya ilipoanzisha mradi wa taifa wa kuendeleza ng'ombe wa maziwa kwa msaada wa Uholanzi. Alileta maziwa mengi, na akaleta msamiati wake: gredi, agroveti, na neno moja ambalo wenye ng'ombe hao hulijua hata kama hawajui Kiingereza, mastaitisi.

Asili yake ni Kigiriki. Mastos ni titi, na kiambishi -itis matabibu hukitumia kiungo kinapopambana na kitu kilichokishambulia, kikapata joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Kiswahili hakina neno moja lililokubalika kwa hali hiyo. Wafasiri wengi husema "uvimbe", neno ambalo pia hutumika kwa jipu na kwa saratani. Lugha ya watu imechukua njia nyingine: imeita "homa". Hivyo tuna homa ya ini, homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo, maneno yanayoeleweka kutoka Lamu hadi Mtwara bila mtu kufungua kamusi.

Kwa nini basi kusiwe na homa ya kiwele? Kwa sababu zizini homa ina mwenyewe. Wafugaji tayari wana "homa ya maziwa", ugonjwa wa ng'ombe aliyetoka kuzaa ambaye kalsiamu imepungua ghafla katika damu yake. Huanguka, shingo ikageukia ubavuni, masikio yakawa ya baridi. Ajabu ni kwamba ng'ombe huyo hana homa kabisa. Mara nyingi joto la mwili wake hushuka. Jina hilo lilifasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza pamoja na kosa lake. Kuongeza homa ya kiwele pembeni yake ni kumtafutia mfugaji balaa: atakimbilia dawa ya huku kumbe ugonjwa ni wa kule.

"Uvimbe wa kiwele" nao unapatikana katika vipeperushi, na ndio unaostahili kupingwa zaidi, kwa sababu unapotosha pande zote mbili. Mtamba anayekaribia kuzaa mara ya kwanza hujaa maji kwenye kiwele hadi ngozi ikang'aa na tumbo lililo mbele ya kiwele likavimba, na si mgonjwa. Baada ya siku kadhaa hali hiyo huisha yenyewe. Kwa upande wa pili, ng'ombe wengi wenye ugonjwa huo hawavimbi hata kidogo. Kiwele ni laini, maziwa ni meupe, ng'ombe anakula na kucheua kama kawaida. Mwenye jina la "uvimbe" kichwani atamgusa, asikute uvimbe, aende zake.

Wataalamu hugawa ugonjwa huu sehemu mbili. Ule wa dhahiri una mabonge katika maziwa, au majimaji, pengine damu. Robo moja ya kiwele ina joto na ng'ombe anapiga teke akiguswa. Ule wa pili unaonekana kwa kipimo tu. Kinachopimwa ni seli, ambazo vitabu huziita seli somatiki au seli za mwili. Kwa mfugaji ingefaa kusema chembe nyeupe za damu, maana katika kiwele chenye maambukizi nyingi ya seli hizo ni askari hao wa mwili. Kiwele chenye afya huwa na seli zisizofika 100,000 katika mililita moja ya maziwa. Zikipita 200,000, kuna shaka kubwa ya maambukizi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 400,000 kwa maziwa mabichi yanayopelekwa kiwandani.

Utafiti wa ng'ombe wa maziwa katika pwani ya Kenya ulielekea zaidi kwenye adui anayeua haraka. Kituo cha utafiti cha Mtwapa na washirika wake wa kimataifa walishughulika sana na kupe na ndigana kali wanayoieneza, hasa upande wa Kaloleni, na ukanda wa Shimba Hills umejulikana miaka mingi kwa mbung'o. Hilo halishangazi. Ndigana kali humlaza ng'ombe wa gredi ndani ya wiki chache, ilhali kiwele kilichoambukizwa humnyima mwenyewe kikombe kimoja leo na kingine kesho, bila mzoga wa kuonyesha.

Kwa hiyo mtu wa Munje anayetaka kujua ukubwa wa tatizo katika mazingira kama yake atazame ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga. Tanga ina joto lilelile, unyevu uleule na wafugaji wadogo wa ng'ombe wachache, na tangu miaka ya 1990 wengi wao wamekuwa wakiuza maziwa kupitia chama chao cha ushirika na kiwanda cha Tanga Fresh. Esron Karimuribo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzake wa Tanzania na Uingereza, walichunguza wafugaji wa aina hiyo katika mikoa ya Tanga na Iringa na kuchapisha matokeo 2006. Takriban ng'ombe watatu kati ya wanne walikuwa na dalili za kipimo za ugonjwa uliojificha, na karibu nusu ya chuchu zilizopimwa. Rudia hesabu hiyo taratibu: wazima kwa macho walikuwa wagonjwa kwa kipimo, na ndio waliokuwa wengi.

Kipimo chenyewe si cha maabara. Oscar Schalm na Daniel Noorlander wa Chuo Kikuu cha California walikitangaza 1957, na hadi leo kinaitwa kipimo cha California. Ni sahani ya plastiki yenye vikombe vinne vya kina kifupi, kimoja kwa kila chuchu. Mkamaji humwaga matone ya kwanza, hukama kidogo katika kila kikombe, hutia dawa ya majimaji kwa kiasi kilekile, kisha huizungusha sahani polepole kama anayepepeta mchele. Maziwa mazuri hubaki majimaji yakitembea kikombeni. Yenye ugonjwa huanza kuwa mazito ndani ya sekunde chache, yakavutika kama ute wa bamia, na yakizidi hujikusanya katikati yakasimama kama jeli. Sababu ni kwamba dawa ile ni aina ya sabuni: hupasua seli, na vinasaba vilivyokuwa ndani hutoka na kushikana. Seli zikiwa nyingi, uzito unaongezeka.

Kwa kuwa ni sabuni, watafiti wa Faisalabad nchini Pakistan walijaribu kutumia ya kufulia. Vijiko sita vidogo vya sabuni ya unga katika nusu lita ya maji, halafu maziwa na maji hayo kwa kiasi sawa, na jibu hupatikana. Haina usahihi wa maabara, lakini inauzwa katika kila kioski cha Msambweni.

Ugonjwa unaingia kupitia tundu la chuchu. Kuna vijidudu vinavyoishi katika kiwele chenyewe na kusambazwa wakati wa kukama, kama Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae. Gari lao ni mkono wa mkamaji na kile kitambaa kimoja kinachopangusa ng'ombe wote. Vingine, kama E. coli, hukaa katika mavi na tope, na msimu wa masika hupata nafasi nzuri kwenye banda lisilo na sakafu. Ndiyo maana mwenye ng'ombe wawili huambiwa amkame mzima kwanza na mgonjwa mwisho. Ndiyo maana pia huambiwa ampe ng'ombe chakula mara tu amalizapo kumkama: tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi, na ng'ombe anayekula hubaki amesimama. Nchini Uingereza katika miaka ya 1960, watafiti wa taasisi ya maziwa ya Shinfield waliunda mpango wa hatua tano, na mojawapo, kuchovya kila chuchu katika dawa baada ya kukama, imebaki kuwa kinga rahisi kuliko zote.

Bila kipimo, sababu nyingine hupewa lawama. Maziwa yakipungua bila ng'ombe kuonekana mgonjwa, wengine hulaumu pumba, wengine joto, na wapo wanaosema amepigwa jicho la hasidi. Joto kweli hupunguza maziwa, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana Kwale ina joto karibu mwaka mzima na kisingizio hakikosekani.

Upande wa dawa, tyubu za antibayotiki za kusukumwa ndani ya chuchu zinapatikana madukani, na kosa linalojirudia ni kutibu siku moja, kuona mabonge yameisha, na kuacha. Kosa la pili ni kuuza maziwa kabla muda ulioandikwa kwenye lebo haujaisha. Wapo wanaodhani kuchemsha hutatua yote. Kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu ambayo Staphylococcus aureus imeshaitoa katika maziwa huvumilia moto, na mabaki ya dawa hayaondoki kwa chai kuchemka.

Turudi kwenye jina. "Mastaitisi" halina ubaya. Limetoholewa vizuri na wauza dawa wanalijua. Lakini linamwambia mfugaji jina la ugonjwa bila kumwambia uko wapi. "Ugonjwa wa kiwele", linalotumiwa tayari katika majarida ya wakulima ya Tanzania, linataja mahali na halimlazimishi mtu kutafuta uvimbe. Udhaifu wake ni upana: kidonda cha chuchu nacho ni ugonjwa wa kiwele. Kwa matumizi ya kila siku upana huo unavumilika. Kwa aina ile isiyoonekana, "ugonjwa fiche wa kiwele" ni bora kuliko "usio na dalili", kwa sababu dalili zipo, ila zinahitaji sahani na sabuni.

Idara za mifugo za kaunti na wachapishaji wa lebo za dawa waandike majina yote mawili, mastaitisi na ugonjwa wa kiwele, na wafute uvimbe wa kiwele kwenye vipeperushi vyao. Naye msomaji mwenye ng'ombe anaweza kuanza kesho asubuhi kwa vijiko sita vya sabuni.