Isipokuwa Opera Mini

Kuna mstari mmoja wa msimbo ambao nimeubeba kwenye miradi mingi bila kuusoma. Unasema: "not op_mini all". Kwa lugha ya kawaida: hudumia watu wote waliotajwa hapa, isipokuwa wanaotumia Opera Mini, toleo lolote lile.

Mstari huo ulikuja na Create React App, programu huria ya Facebook iliyotufundisha wengi wetu kutengeneza tovuti. Toleo la pili, la Oktoba 2018, lilileta orodha ya vivinjari vya kuhudumiwa. Ukianzisha mradi mpya, orodha inakuja ikiwa imeshaandikwa, nawe unaendelea na kazi yako. Mimi niliendelea na yangu kwa muda mrefu kabla ya kushtuka kwamba mtu anayeachwa nje na mstari ule ni mimi mwenyewe, miaka michache nyuma.

Nilikulia Manyatta, Kisumu. Utotoni, intaneti ilikuwa mahali pa kwenda, kama posta. Ulishuka mjini, ukaingia saiba, ukalipa kwa dakika, na dakika zilikimbia kuliko kurasa. Kenya haikuwa na nyaya za baharini mpaka 2009, SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, na bei yake ilijua kuuma. Kompyuta za saiba zilikuwa na Internet Explorer, na tovuti nyingi zilitengenezwa kana kwamba hakuna kivinjari kingine duniani.

Kilichotutoa saiba ni simu. Opera, kampuni ya Norway, ilijaribu Opera Mini nyumbani kwao Agosti 2005, ikaifungulia dunia nzima Januari 2006. Simu zetu za Java hazikuwa na nguvu ya kufungua ukurasa mzima, kwa hivyo kazi hiyo ilifanyiwa mbali. Seva za Opera ziliuchukua ukurasa, zikaukamua, kisha zikakutumia kilichobaki. Opera wenyewe walisema data ilipungua hadi asilimia 90. Kwa mtu mwenye airtime ya bob 20, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kusoma habari yote na kuishia kwenye kichwa chake.

Ujanja huo ulikuwa na gharama. JavaScript iliendeshwa kule kwenye seva kwa muda mfupi tu, halafu ikasimamishwa. Ukibonyeza kitu, ombi lilirudi hadi seva ndipo ukurasa uletwe upya. Ramani ya kuburuta haikuburutika. Na kwa kuwa seva ndiyo iliyofungua tovuti kwa niaba yako, hata siri zako, nywila ikiwemo, zilifunguliwa njiani. Kwa hivyo wahandisi waliosita kuihudumia Opera Mini hawakuwa wote wenye dharau. Walikuwa na hoja.

Hata hivyo, historia yetu ina hoja nyingine.

Baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007, Kisumu iliwaka. Nilikuwa na miaka 13. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku, maduka yamefungwa, na kadi za airtime zikawa adimu. Habari ya mtaa wa pili tuliipata kwa uvumi. Mapema Januari 2008, Ory Okolloh, akiwa Johannesburg, aliandika kwenye blogu yake akiomba wenye ujuzi watengeneze ramani ya yanayotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaijenga kwa siku chache tu, wakaiita Ushahidi. Baadaye ikawa programu huria, ikasambaa duniani.

Ushahidi hukumbukwa kwa ramani yake. Mimi nadhani uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa ule wa kupokea ripoti kwa njia mbili: kwa tovuti na kwa SMS. Shahidi hakuulizwa ana simu gani. Wajenzi walikuwa Wakenya au watu waliokulia Afrika Mashariki, na walijua mtu aliye barabarani ameshika nini mkononi. Walianza na huyo shahidi, kisha wakaijia ramani.

Miaka 10 baadaye, programu huria nyingi zilikuwa zikianza na asilimia. Browserslist ni chombo huria kinachotumiwa na maelfu ya miradi kuamua vivinjari vya kuhudumiwa. Kiwango chake cha kawaida ni kivinjari kiwe na zaidi ya asilimia 0.5 ya matumizi duniani, au kiwe kimoja cha matoleo mawili ya karibuni. Create React App walishusha hadi asilimia 0.2, jambo la ukarimu kabisa, halafu wakaongeza ule mstari.

Fikiria maana yake. Kama watumiaji wa Opera Mini wangekuwa wachache kupita kiasi, asilimia ingewatoa yenyewe kimyakimya. Kutajwa kwa jina kunaonyesha kwamba walikuwa wamefika kizingiti. Kuwahudumia kungelazimisha kila mradi ubebe msimbo wa zamani, faili ziwe nzito, na wengine wote wazilipie. Ni hesabu ya haki ukiifanya ukiwa California. Ukiifanya ukiwa Kondele, namba zinabadilika.

Sikuifanya. Mwaka 2020, mimi na marafiki wawili tulitengeneza programu ndogo ya vikundi vya akiba, tukaiweka wazi bure. Mteja wetu wa kwanza alikuwa chama cha mama yangu mdogo, ambaye hununua omena ufuoni Dunga na kuiuza soko la Kibuye. Toleo la kwanza lilikuwa fomu za kawaida, likamfaa. Toleo la pili tulilijenga upya, zuri, likiwa na michoro inayocheza. Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea nikamkuta na daftari la zamani, kalamu imewekwa katikati.

"Mama mdogo, kwani ile programu imeenda wapi?"

"Ilikuwa inaniletea ukurasa mweupe tu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilidhani ni simu yangu imezeeka."

Simu haikuwa na tatizo. Alikuwa kwenye Opera Mini, akibana bundles, na sisi ndio tuliofunga mlango. Jibu lake lilinifunza kwa nini hatukuwahi kupokea malalamiko hata moja. Mtu anayeachwa nje na programu hasemi programu ni mbovu. Anajilaumu, anaondoka, na siku ya kuhesabu watumiaji hayupo. Kisha sisi tunaitazama hesabu na kusema: si mmeona, hakuna anayetumia Opera Mini.

Dawa ilikuwa ya zamani kuliko tatizo. Mwaka 2003, kabla Opera Mini haijazaliwa, Steve Champeon alitoa jina kwa wazo la kuujenga ukurasa kwa tabaka: kwanza maandishi na fomu zinazofanya kazi popote, kisha mapambo na JavaScript kwa anayeweza kuyapokea. Wikipedia inafanya hivyo hadi leo. Ukiizimia JavaScript, bado makala unaisoma. Haihitaji kumpa kila mtu kila kitu. Tuliirudisha ile fomu ya kawaida, inayotumwa moja kwa moja kwa seva. Ilituchukua wikendi mbili. Michoro ilibaki kwa wenye uwezo wa kuiona. Kwa upande wa siri, tuliwaeleza wanachama wazi kwamba kwenye Opera Mini kuna mtu wa kati, waamue wenyewe.

Februari 2025, Create React App ilistaafishwa rasmi. Ule mstari haukustaafu nayo. Nilipopekua miradi yangu niliukuta kwenye mitatu, nikaufuta, kisha nikakaa kurekebisha kilichovunjika. Mama mdogo siku hizi ana simu nyingine na anatumia Chrome. Ile ya zamani nilimwomba, akanipa huku akicheka. Iko kwenye droo yangu, ina chaji, na hakuna toleo tunalolitoa kabla ya kulifungua humo.