Kabla Hujanunua Laptopu, Muulize Mkulima wa Mapera

Leo mnabishania RAM, ila wazee wetu walinyimwa kompyuta yenyewe! Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Televisheni nayo, Tanzania Bara iliisubiri hadi 1994. Kule Ruvuma umeme ulitegemea sana majenereta ya dizeli, mpaka gridi ya taifa ilipofika mwaka 2018.

Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Mapera akishika hela ya msimu na kuuliza kwanza, "Chaji inakaa saa ngapi?", msimcheke. Kwa muvi na miziki ya nyumbani, RAM ya GB 8 na SSD vinatosha kabisa. Ukinunua iliyotumika, iwashe dukani bila chaja, ucheze muvi nusu saa. Betri ikizimia hapo, mrudishie mwenyewe!