Unasaka Kamkoda ya Bei Poa? Anza na Lapi Yako Kwanza

Manze, kabla uingie Luthuli Avenue na ganji mfukoni, cheki lapi yako. Wengi huuliza kamkoda ina zumu ngapi, na swali la maana ni kama faili zake zitafunguka kwa mashine yako ama zitaganda mpaka bibi harusi akupigie simu mara ya nne akidai video.

Kama uko na ex-UK ya RAM GB 8, usijisumbue na 4K. HD ya 1920 kwa 1080 inatosha harusi, ruracio hadi YouTube. Hata hiyo HD iko na kazi yake. Kamkoda nyingi za bei ya chini hurekodi AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka wa 2006. Faili zake za .MTS zimebanwa sana, na prosesa hutoka jasho kuzifungua. Dawa ni proksi, yaani nakala nyepesi unayohariri, halafu programu inarudisha ile original ukimaliza. Shotcut na Kdenlive hufanya hivyo bure. DaVinci Resolve ya bure ni moto pia, lakini RAM ya 8 italia.

Kuna mbili ningekutuma utafute, hata za mtumba. Sony HDR-CX405 ina picha safi, lakini ikirekodi XAVC S ya megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 22. Ruracio ya saa tatu? Karibu GB 67, na wazee bado hawajakubaliana mbuzi. Pia haina tundu la maiki. Canon Legria HF R806 iko nalo, na MP4 yake ya megabiti 35 inakula kama GB 16 kwa saa. Mimi ningebeba Canon, juu picha yenye giza kidogo watu husamehe, sauti ya upepo hapana.

Jamaa akikuonyesha kamkoda ya kanda za MiniDV kwa bei ya kutupa, jua utahitaji tundu la FireWire, kitu lapi za sahi hazina. Na kanda ya saa moja inachukua saa moja kuingia kwa kompyuta.

Ingine hawakuambii: kamkoda iliyotoka Marekani (Canon huko huitwa Vixia) hurekodi kwa mtindo wa 60, na stima yetu ni hezi 50. Ukiwa ndani ya hall ya taa za tyubu, picha inaweza kupepesa. Ikiwa huwezi kuweka shata iwe 1/50 ama 1/100, achana nayo.

Zumu ya dijitali ipuuze, inapanua tu pikseli. Angalia ile ya lenzi.

Enda dukani na lapi na memori kadi yako. Rekodi dakika mbili ukiongea, hamisha faili, ikatekate hapo hapo kaunta. Jamaa akinuna, duka ziko mingi hiyo street.