Kwale wa Juma Yuko Wapi?

Kila Januari vikundi vya watu huamka alfajiri kuhesabu ndege wa majini kando ya Ziwa Naivasha na Ziwa Nakuru. Ndege wengine hapo wamekimbia baridi ya Ulaya. Kule ni theluji, huku kwetu Frere Town ni kaskazi, jasho tu. Nikiwaambia wasee wa Kengeleni twende, jibu ni moja: "Kuangalia ndege? Si hayo ni mambo ya wazungu?"

Hebu skizeni. Mwaka 1889 Frederick Jackson aliongoza msafara wa kampuni ya IBEA kutoka Mombasa kuelekea Uganda, wakapitia Naivasha. Jamaa alipenda ndege kupita kiasi, njiani akawa anawakusanya. Alikuwemo pia James Martin, baharia wa Malta aliyewahi kufanya kazi kwenye chombo cha misheni hapa hapa Frere Town. Na mizigo ilibebwa na nani? Wapagazi wa pwani. Shanga, vitambaa, risasi, na hao ndege waliokaushwa, vyote juu ya vichwa vyao, mwendo wa miezi.

Jackson alifariki 1929, kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda kikatoka 1938. Kwale wa Jackson yupo mpaka leo, milimani huko Aberdare. Kwale wa Juma mpagazi, mimi sijamsikia.

Januari naenda Naivasha. Darubini ni moja, tutapeana zamu.