Kupima Maisha Baada ya Uraibu: Historia Inayogusa Pwani ya Lindi

Katika pwani ya Kilwa na Lindi ulevi ulitangulia heroini, kwa kuwa korosho zinapoiva, mabibo yake hukamuliwa na kuachwa yachachuke hadi kuwa uraka, na uraka huo ukichemshwa na mvuke wake kupozwa hupatikana nipa, pombe kali iliyodhoofisha afya na kuvunja ndoa nyingi za kusini. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ilianza kuonekana katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1980, na baadaye majahazi yatokayo pwani ya Makran, iliyoko Iran na Pakistan, yakaifanya Bahari ya Hindi kuwa njia yake kuu ya kusini. Januari 2012 zilikamatwa kilo 210 za heroini mkoani Lindi; lakini uzito wa shehena hauelezi lolote kuhusu mtu ambaye mwili wake umekwisha kuuzoea unga, na juhudi za kuipima hali ya mtu huyo zina historia yake, ambayo bado ni changa.

Kwa muda mrefu matabibu waliridhika na swali moja, yaani kama mgonjwa ameacha au hajaacha. Mwaka 1980 mtafiti A. Thomas McLellan na wenzake, waliokuwa Philadelphia nchini Marekani, walichapisha hojaji ya kupima ukali wa uraibu iliyoyatazama maisha ya mgonjwa katika maeneo kadhaa: afya ya mwili, kazi na riziki, pombe, dawa za kulevya, matatizo ya kisheria, familia na jamii, na afya ya akili. Hoja yao ilikuwa nzito, kwamba wingi wa dawa anazotumia mtu haulingani daima na ukubwa wa matatizo yake mengine, kwa hiyo kila eneo lipimwe peke yake. Shirika la Afya Duniani lilifuata mwaka 1989 na hojaji ya pombe yenye maswali 10, kisha mwaka 2010 likatoa kipimo cha ulemavu kinachouliza jinsi mtu alivyomudu shughuli zake katika siku 30 zilizopita. Watafiti wa Ulaya nao walitunga kipimo cha maswali 24 kwa ajili ya magonjwa tisa ya ubongo, uraibu ukiwa miongoni mwake pamoja na kiharusi na kifafa, kwa kutambua kwamba wagonjwa hao wote hushiriki matatizo ya kisaikolojia na kijamii, yaani yale yanayogusa usingizi, hisia, kumbukumbu, mahusiano na kazi.

Tanzania ilipiga hatua kubwa Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, yale maumivu na mahangaiko ya mwili unaoukosa unga. Kwa kuwa methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kijana wa Kilwa aliyeifuata Dar es Salaam ilimbidi ahamie huko, mbali na ndugu na kazi ambazo ndizo zingemsaidia kusimama tena.

Anaporudi nyumbani na hali yake kupaswa kupimwa, ndipo vipimo vya kigeni vinapoonyesha upungufu wake katika pwani hii. Kipimo cha siku 30 kikitumika mwezi Machi kinaweza kumwonyesha mkulima wa korosho akiwa ametulia kabisa, ilhali hatari yake iko kuanzia Oktoba, msimu ambao fedha za mauzo huingia kwa mkupuo na uraka hupatikana kwa wingi. Hojaji ya pombe huhesabu vinywaji kwa kiasi maalumu, na kopo la uraka halina kiasi hicho, kwa sababu ukali wake hubadilika kadiri unavyoendelea kuchachuka. Swali la ajira nalo halimfai mvuvi asiye na mwajiri wala mshahara, anayelipwa kwa mgao wa samaki. Kwake ajira ni nahodha kukubali kumpandisha chomboni, na aliyewahi kuitwa teja, yaani mraibu wa unga, huweza kuachwa ufukoni hata baada ya kupona, na unyanyapaa huo ni sehemu ya ugonjwa unaopaswa kupimwa.

Vipimo hivyo visitupwe, kwa kuwa bila hivyo tabibu hubaki na dhana tu. Vinahitaji kutafsiriwa vizuri, kujaribiwa miongoni mwa wavuvi na wakulima wenyewe, na kurudiwa kufuata misimu. Wahudumu wa afya na maafisa ustawi wa jamii wa Kilwa na Lindi, wanapompokea mtu aliyerejea kutoka kwenye tiba, wamuulize analala vipi, nani anakula naye, nani amekubali kufanya naye kazi, na majibu hayo wayaandike katika jalada lake kwa uzito uleule wanaoyapa matokeo ya kipimo cha mkojo.